Ghala la Masikini Hujazwa Siku ya Mavuno

Ndugu Waislamu, kila mwezi wa Februari mji wetu wa Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ni haki yao wakumbukwe. Lakini walioangamia kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa kamba na risasi. Kwani adui alichoma mashamba na maghala, na njaa ilipoingia Ungoni haikubagua mpiganaji na mtoto mchanga.

Njaa ile ililetwa na dhalimu. Dhiki ya leo hukaa pamoja na neema. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala hapa hapa Songea. Hata hivyo, mjane aliyeuza magunia yake mwezi wa Julai kwa bei ya chini, apate kulipa deni la mbolea, ndiye anayenunua kisado kwa bei ya juu mwezi wa Januari. Akipatwa na ugonjwa au msiba, huyauza mahindi yangali mabichi shambani.

Nasi twafanya nini? Ramadhani twatoa futari. Idi twatoa Zakatul-Fitri. Nyumba ikiungua twachanga. Haya ni mema, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Lakini sadaka inayongoja mtu aanguke humkuta amekwisha kuuza jembe lake.

Dini yetu imetuonyesha njia. Nabii Yusuf (a.s.) aliweka akiba katika miaka ya shibe. Na katika Suratul An'am, aya ya 141, tumeamrishwa kutoa haki ya mazao siku ya kuvunwa. Kiwango chake ni wasaki tano, ambazo wanavyuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa kilo 653 hivi, yaani magunia sita na nusu ya kilo 100. Shamba la mvua hutolewa sehemu moja katika kumi. Basi mwenye magunia 20 hutoa 2. Na wakulima 50 wa namna hiyo hutoa magunia 100, riziki ya nyumba nyingi katika miezi ya masika.

Twashauri kila msikiti uwe na ghala la amana. Mwenye haki apewe zaka yake wakati ule ule wa mavuno, na akipenda imhifadhiwe ghalani kwa jina lake, asije akalazimika kuiuza. Wenye madeni nao wamo katika mafungu manane ya Suratut Tawba, aya ya 60. Basi wasaidiwe kulipa kabla gunia halijatoka nyumbani. Jirani asiye Muislamu asisahauliwe katika sadaka.

Funguo ziwe mbili, mikononi mwa watu wawili waaminifu. Hesabu isomwe baada ya sala ya Ijumaa. Lakini majina ya waliopokea yasitajwe, kwani heshima ya masikini nayo ni amana.

Enyi vijana mnaojua kalamu na hesabu, kazi ya daftari ni yenu. Mavuno yajayo yasitukute tukingali twashauriana.

Wabillahi tawfiq.