Sinia la Adhuhuri

Katika utoto wetu, pale Ng'ambo ya mji wa Unguja, siku ya mtoto ilikwenda kwa adhana. Alfajiri aliamshwa akaswali, akanywa chai kwa muhogo uliobaki wa jana, akaenda skuli. Adhuhuri akarudi kula. Baada ya alasiri akachukua juzuu yake akaenda chuoni kwa maalim kusoma Kurani. Na magharibi ikimkuta bado yumo njiani anacheza, mtu mzima yeyote aliyeketi barazani, awe jamaa yake au asiwe, alikuwa na haki ya kumwuliza kwao ni wapi na kumhimiza arudi. Skuli, chuo, nyumba na mtaa vilikuwa vimeafikiana juu ya mtoto huyo bila ya mkutano wala waraka, na maafikiano hayo yalikuwa yametuzunguka kiasi cha kwamba hatukudhania kuwa yangeweza kuondoka.

Katika siku hiyo yote, saa niikumbukayo zaidi ni ile ya chakula cha mchana. Bibi yetu alitandika mkeka uani, akaweka sinia la wali na bakuli la mchuzi wa samaki katikati, akatunawisha mikono mmoja mmoja, mdogo kwanza. Kila mtu alikula upande wake, na kitoweo hakikuguswa mpaka bibi mwenyewe akigawe kwa vidole vyake, akiwachambulia miba wale wadogo. Huku akigawa, alikuwa akitutazama. Mtoto ambaye jana alikula kwa pupa na leo anachezea tonge hakumpita, wala hakumwuliza kitu mbele ya wenziwe, bali alingoja sinia liondolewe, kisha akamwita kwa upole, "Njoo baba, unishikie maji nioshe vyombo." Huko kwenye vyombo ndiko habari zote zilikotoka: mwalimu aliyemchapa, mwenzake aliyemnyang'anya kalamu, tumbo lililomsokota tangu usiku. Jioni ile ile bibi alikuwa amekwisha kupita kwa mama wa yule mwenye kunyang'anya, au kwa maalim, na jambo likaisha.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo Unguja na Pemba, na watoto wa wakulima na wavuvi, ambao ada iliwazuilia mlangoni, wakaingia madarasani kwa wingi usio na mfano. Neema ile sitaisemea ila kheri, kwani mimi mwenyewe sijui ningekuwa nani lau si hiyo. Lakini watoto waliongezeka kwa kasi ambayo majengo hayakuweza kuifuata, na baada ya muda skuli nyingi zikawa na mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, chumba kimoja kikipokea asubuhi watoto hawa na mchana watoto wengine.

Mimi nilipokuwa mwalimu nilipewa mkondo wa mchana, na hapo ndipo nilipoona siku ya mtoto ilivyokatika vipande. Kaka alikuwa skuli asubuhi na mdogo wake chuoni. Kaka akirudi, mdogo amekwisha kwenda skuli. Wakakutana magharibi, kila mmoja amechoka kwa machofu yake. Palikuwa na mtoto wa darasa la tatu, mpole, mwenye hati nzuri, ambaye kila siku lilipofika somo la pili aliinamisha kichwa juu ya dawati akalala. Mwenzangu mmoja alimwita mvivu. Nilipokwenda kwao jioni, mama yake, ambaye alitoka alfajiri kwenda kuuza sokoni, alinionyesha mahali anapomwachia chakula, sahani iliyofunikwa kawa, akaniambia kwamba kila akirudi huikuta tupu. Kumbe mtoto alitoka chuoni moja kwa moja hadi skuli, asipitie nyumbani kwa kuchelea kuchelewa, na kaka zake waliorudi adhuhuri walikula sahani ile wakidhani mdogo wao amekwisha pata chake. Hapakuwa na mwenye ubaya katika nyumba ile. Palikosekana mtu wa kumwona mtoto akila, basi, na mama yule alilia kilio ambacho mpaka leo hunijia.

Mwalimu wetu mkuu alipopata habari hizo aliwaita wazazi, na pamoja nao akawaalika maalim wa vyuo vya mtaani, jambo ambalo sikupata kuliona kabla ya hapo. Wakakubaliana kwamba ndugu wa nyumba moja wawekwe mkondo mmoja kila inapowezekana, na maalim wakaridhia kuwafungua mapema watoto wa mkondo wa mchana ili wapitie kwao wale. Mimi nalistahi zaidi lile daftari alilopewa kila mwalimu wa darasa, lisilo la alama wala mahudhurio, bali la kuandika aliyenyamaza ghafla, aliyekonda, aliyeanza kukaa peke yake. Na wenzetu wengi walipoiweka bakora chini, daftari lilijaa haraka, maana mtoto hamwambii siri yake mtu anayemwogopa.

Sasa zimejengwa skuli za ghorofa, na katika mitaa mingi mkondo umerudi kuwa mmoja, na mtoto yuko huru adhuhuri kama tulivyokuwa sisi. Hata hivyo nyumba anayoirudia siyo ile: jamaa wamehamia Fuoni na Kwarara, bibi amebaki mjini, na baba na mama wote wako kazini mpaka jioni. Kwa hiyo siafikiani kabisa na wale wasemao kwamba daftari na mikutano ile vimekwisha kazi yake. Muhula uliopita mzazi mmoja, dereva wa daladala, aliomba mkutano ufanywe baada ya isha ili na wanaume wapate kuhudhuria; ukafanywa, na madawati hayakutosha. Yalizungumzwa mengi, lakini lililochukua muda ni lile la watoto ambao kwao mchana hakuna mtu. Maalim mmoja akasema chuo chake kitakuwa wazi kwa watoto hao tangu saa saba, na kina mama wawili wa jirani wakapokea zamu ya kupika.