Majani ya Kentucky na methali ya udongo

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, tulipewa methali kumi za Kiingereza tuzitafutie wenzake katika Kiswahili. Ya nne inawahimiza wakulima watengeneze majani makavu ya mifugo wakati jua linawaka. Niliandika: "Udongo uwahi ungali maji." Mwalimu aliweka alama ya sahihi, na zoezi zima likanipa 16 juu ya 20. Wala yeye wala mimi hatukuona tatizo. Methali zote mbili zinasema: fanya jambo kabla wakati wake haujapita. Miezi mitatu baadaye, jibu hilohilo lilikaribia kuchoma ghala huko Kentucky, na hasara yake ililipwa na mtu yuleyule anayenilipia minervale.

Mtu huyo ni baba mdogo, anayemfuata baba yangu kwa kuzaliwa. Alitoka Walungu wakati wa vita, akaishi miaka kambini Nakivale, Uganda, na mwaka 2015 akapelekwa Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Wakongo ni wengi katika mji huo, na Kiswahili kinasikika madukani na makanisani. Ni mji wa farasi pia. Lakini baba mdogo hafanyi kazi kwenye mashamba makubwa ya farasi wa mashindano. Anawatunza farasi wanne wazee wa mama mmoja mjane, nje kidogo ya mji: zizi moja, ghala moja la mbao, na uwanja wa majani wa ekari tatu. Mama yule anasema Kiingereza tu. Baba mdogo ana Kimashi, Kiswahili, Kifaransa kidogo na Kiingereza cha kusalimiana. Kwa hiyo mama anarekodi sauti kwenye simu, baba mdogo ananitumia Bukavu, nami ninamrudishia maneno kwa Kiswahili. Nilijivunia sana kazi hiyo. Nilikuwa mwanafunzi wa lugha mwenye mteja.

Kabla sijaeleza kosa langu, lazima nieleze majani yenyewe, kwa maana hata neno lake hatuna. Kifaransa kina foin. Sisi tunasema "majani makavu," lakini majani makavu kwetu ni yale ya kuezekea au ya kuchoma. Walungu, ng'ombe anakatiwa majani leo, anayala leo. Kiangazi kikikaza, watu wanashuka bondeni kwenye unyevu. Kentucky kuna majira ya baridi, na kwa miezi kadhaa majani hayaoti. Chakula cha Januari lazima kikatwe Juni, kikaushwe, kifungwe na kuwekwa ghalani. Farasi wa kilo 500 anakula karibu kilo 10 za majani hayo kwa siku. Farasi wanne ni kilo 40, yaani karibu marobota mawili ya kilo 22. Robota ni kifungu cha pembe nne chenye kamba mbili, mfano wa balo ndogo ya nguo za sokoni Kadutu. Hesabu siku 150 za baridi, utaona kwamba marobota 270 hivi ndiyo maisha ya zizi lile.

Mwenye uwanja mdogo ana shida moja kubwa: hana mashine. Inahitajika mashine ya kukata, ya kutawanya ili upepo upite, ya kukusanya mistari, na ya kufunga. Hakuna mtu anayenunua zote kwa ajili ya ekari tatu. Unamwita jirani mwenye mashine, naye anaanza na viwanja vikubwa, vyenye faida. Wewe unapewa siku iliyobaki. Na majani hayasubiri: yanahitaji kama siku tatu za jua mfululizo, katika mwezi ambao mvua inanyesha inavyotaka.

Juni ile, majani yalikatwa Jumatatu. Jumanne, saa tatu usiku kwetu, saa tisa alasiri kwao, ilinifikia sauti ya mama. Alikuwa hospitalini, amepasuliwa goti. Sauti ilikuwa ndefu, zaidi ya dakika mbili. Mimi nilikuwa na mtihani kesho yake, umeme ulikuwa umekatika, na mega zilikuwa zinakwisha. Nikaisikiliza mara moja. Ndani yake kulikuwa na habari ya chupa na chumvi ambayo niliichukua kuwa hadithi ya wazee. Mwishoni mama alitaja methali ile niliyoijua. Nikafurahi. Nikamwandikia baba mdogo mistari miwili: "Mama anasema mvua inakuja Ijumaa, msilale. Udongo uwahi ungali maji."

Jumatano alasiri mwenye mashine alitokea siku moja kabla ya wakati, kwa sababu kazi yake nyingine ilikuwa imekwama. Aliuliza kwa kidole: tayari? Baba mdogo aliingiza mkono chini ya mstari wa majani. Juu yalikuwa yamekauka na kulia kama karatasi. Chini yalikuwa baridi na laini, na vifundo vya mashina vilikuwa bado kijani. Alisita. Kisha, kama alivyonieleza baadaye, alitoa simu na kusoma tena maneno yangu: "ungali maji." Akainua kidole gumba. Kabla ya jua kutua, marobota 240 yalikuwa ndani ya ghala, yamebanana hadi karibu na paa.

Majani yaliyokatwa hayafi mara moja. Yakiwa na unyevu, yanaendelea kupumua, na vijidudu na ukungu vinazaliana ndani yake, na vyote hivyo vinatoa joto. Uwanjani joto linapotea hewani. Ndani ya robota lililobanwa katikati ya marobota mengine, halina pa kwenda. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo hawafungi marobota madogo mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20 hivi. Joto likifika nyuzi 55 za Selsiasi, wanaanza kulinda zamu. Likifika 80, wanawaita wazimamoto na hawagusi kitu, kwa sababu hewa ikiingia ghafla moto unalipuka. Ghala linaweza kujichoma bila mtu kuwasha kiberiti. Jambo hilo si jipya: Columella, Mrumi wa karne ya 1 aliyeandika juu ya kilimo, alishawaonya wakulima wa siku zake.

Jumamosi usiku wa manane kwetu, simu ililia. Hakutuma sauti, alipiga.

"Mwana, majani iko inapika."

"Inapika namna gani, baba?"

"Inanuka kama tumbako na sukari ya kuungua. Nimeingiza mukono kati ya balo, nimeutoa mbio."

Tulimpigia mama hospitalini, watatu kwenye simu moja. Safari hii nilitafsiri kila neno. Watoe farasi kwanza. Wajulishe wazimamoto. Chukua kipimo kirefu cha chuma kilichotundikwa nyuma ya mlango, kichome katikati. Kipimo kilisoma 140 kwa hesabu yao ya Fahrenheit, yaani nyuzi 60 kwetu. Mama akanyamaza kidogo, akasema: bado kuna nafasi, yatoeni kuanzia juu. Baba mdogo aliwaita vijana wawili wa kanisani kwake. Waliyabeba mpaka usiku sana, wakayatawanya uwanjani mojamoja, na yale ya moto zaidi wakayakata kamba.

Ghala halikuungua. Lakini marobota 90 yalikuwa yameharibika, meusi katikati au meupe kwa ukungu. Hayakuweza kuokolewa kwa kuwalisha farasi, kwa sababu farasi hawezi kutapika. Akila kitu kibaya, kinabaki naye, na vumbi la ukungu linamharibu mapafu.

Jumapili mama aliuliza nani alikubali majani yafungwe. Nilikuwa kwenye simu, tayari kutafsiri jibu. Baba mdogo alisema: "Mwambie ni mimi. Sikuelewa vizuri." Nilimwambia kwa Kiswahili, "Baba, haikuwa wewe." Akanijibu, "Tafsiri ile nimesema." Nikaitafsiri. Ndiyo tafsiri iliyo sahihi kuliko zote nilizomfanyia wiki ile, nayo haikuwa kweli.

Agosti minervale ilichelewa. Sikuuliza. Binti yake ndiye aliyeniambia kwamba baba mdogo alijitolea mwenyewe kununua nusu ya marobota yaliyopotea, na mama, baada ya kukataa mara mbili, alikubali.

Tangu hapo nimeirudia ile methali ya nne mara nyingi. Katika oditoire tulikuwa tukizipanga methali kwa "maana" yake, na kwa kipimo hicho jibu langu bado ni sahihi. Lakini methali ya udongo ni ya mtu anayefinyanga chungu au kukandika ukuta wa nyumba. Kwake, maji ndiyo nafasi, na jua ndilo adui. Methali ya majani ni ya mtu ambaye jua ndilo nafasi yake, na maji ndiyo adui. Zinakubaliana juu ya haraka, zinapingana juu ya jambo lenyewe. Baba mdogo amejenga nyumba tatu za fito na udongo maishani mwake. Hakukosa kuelewa. Alinielewa vizuri kuliko nilivyojielewa, kwa sababu yeye alisoma neno "maji" akiwa ameshika majani mkononi.

Na kosa la pili ni baya zaidi, ingawa halina uzuri wa kujadiliwa darasani: niliacha chumvi. Niliposikiliza upya, nilikuta mama alieleza kila kitu. Kata majani vipandevipande, yatie ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi, tikisa dakika moja au mbili. Chumvi ikishikamana, majani bado yana maji. Ikibaki imeachana, funga. Niliyaondoa maneno hayo kwa sababu hayakufanana na maneno muhimu. Nilibakiza methali kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu nilikuwa na jibu lake tayari.

Sisi tunaojifunza tafsiri tunapenda kuulizana neno lipi linalingana na lipi. Sasa naongeza swali moja kabla ya kutuma: anayepokea maneno haya atafanya nini na mikono yake? Kama sijui, nampigia.

Juni ya mwaka huu mama alituma sauti ya dakika nne. Nilinunua mega, nikaandika ukurasa mzima, bila methali yoyote. Siku mbili baadaye baba mdogo alinitumia video ya chupa ya kachumbari iliyooshwa, majani ndani, anaitikisa mbele ya simu.

"Angalia vizuri," alisema. "Chumvi imeachana?"

Niliirudia mara tatu. Kisha nikamwomba aikaushe chupa, atie chumvi mpya, atikise tena.