Oili Niliyoifyonza Mwenyewe

Giaboksi ya pili ya gari langu niliiua mimi. Ya kwanza nayo sina hakika kama ilistahili kung'olewa. Hata hivyo, kwa muda mrefu nilimtangaza fundi mtaani kwetu kwamba ameniuzia chuma chakavu.

Gari ni Toyota IST, zile za toleo la kwanza zilizojaa Dar es Salaam, otomatiki ya gia nne. Ugonjwa ulianza polepole. Asubuhi nikiweka D, gari lilisita kidogo, kisha likashtuka na kuondoka. Baadaye, nikipandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara, injini ikawa inavuma na mshale wa mizunguko unapanda, lakini mwendo uko palepale. Gia zilikuwa zinateleza.

Nilijua cha kwanza kuangalia ni oili ya giaboksi. Nikazima injini, nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakitoa tena. Oili imefika alama ya juu. Basi, nikajiambia, oili ipo, giaboksi ndiyo imekwisha. Nikamwendea fundi wetu nikiwa na jibu tayari. Alitaka akague kwanza, nikamkatiza. Akaniambia sili ya shafti ya tairi inavujisha oili, nikamjibu aibadilishe hapohapo atakapofunga giaboksi nyingine. Tukaenda Gerezani, tukapata ya mtumba iliyotoka Japani. Akaifunga, akaijaza oili, gari likaenda vizuri.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kesho yake, gari likiwa limezimwa na limepoa, nikapima. Oili imezidi alama kwa mbali. Nilikuwa nimesikia, na ni kweli, kwamba oili ikizidi huchapwa na gia hadi ikatoa povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi. Nikaona fundi amezembea. Nikatafuta bomba la sindano na mpira mwembamba, nikafyonza ile ziada kupitia tundu la kijiti mpaka kipimo kikakaa sawasawa kwenye alama. Ilikuwa oili nyekundu, safi kabisa. Nikaihifadhi stoo kwenye chupa ya maji, nikijisifu kwa kutopoteza kitu.

Gia zikaanza kuteleza upya. Nikampigia fundi simu kwa ukali. Akauliza kama kuna mtu ameigusa giaboksi. Nikamwambia hakuna. Akaniomba nilete gari alitazame. Sikulipeleka. Nikaendelea kuliendesha huku nikimsema kwa majirani.

Gereji ya pili nilieleza yote: giaboksi ya mtumba, fundi mbabaishaji, kile kilima cha Kimara. Habari ya sindano haikunijia hata akilini. Kijana anayejifunza kazi akawasha gari, akaliacha lipate moto, akakanyaga breki na kupitisha mkono wa gia kila nafasi, akaurudisha P. Kisha, injini ikiwa bado inaunguruma, akachomoa kijiti. Kikavu.

"Mzee, oili iko wapi?"

Nikamwambia azime kwanza, apime inavyotakiwa. Hakubisha. Akazima, tukakaa kwa muda, akapima: oili kwenye alama. Akawasha tena, akapima: kikavu.

Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Injini inapozunguka, pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu na kuijaza kwenye toki konveta, vali bodi na mabomba yanayoipeleka kupozwa kwenye rejeta. Ikizimwa, nyingi hurudi chini, na kijiti kinasoma juu. Mimi nilijifunzia gari la manyo, nikazoea kupima oili ya injini gari likiwa limezimwa, nikaihamishia kanuni hiyo kwenye giaboksi bila kumuuliza mtu. Kijiti kina alama za baridi na za moto. Nilikuwa nazichukulia kama kikomo cha chini na cha juu. Oili aliyoiulizia kijana ilikuwa nyumbani kwangu, stoo, kwenye chupa ya maji.

Wakaongeza oili ya T-IV, kama kijiti chenyewe kilivyoandikwa. Rivasi, iliyokuwa nayo imeacha kushika, ikarudi, lakini gia za juu ziliendelea kuteleza. Walipofungua sampu, sumaku zake zilikuwa zimefunikwa na tope jeusi na oili inanuka kuungua. Pampu ilikuwa inavuta hewa, presha ikashuka, pleti za klachi zikawa zinasuguana badala ya kushikana. Pleti zikishaungua, oili mpya haiziponyi.

Giaboksi ya tatu ililipiwa na fedha ya mabati ya nyumba ninayojenga, na nyumba ikangoja. Ile ya kwanza nilishaiuza kwa kilo. Huenda ilihitaji sili na oili kidogo tu, na sasa siwezi kujua. Fundi wa kwanza alipoteza wateja kwa maneno yangu. Nilimwendea nikamweleza kila kitu. Habari ya chupa ilimchekesha. Habari ya wateja haikumchekesha. Nilizunguka kwa majirani kujisahihisha, nikakuta maneno yalishafika kwa watu ambao sikuwahi kuongea nao.

Usichukue kipimo cha IST ukakipeleka kwenye kila gari. Otomatiki za Honda zenye kijiti hupimwa mara tu baada ya kuzima injini. Magari mengi mapya hayana kijiti kabisa: hupimwa kwa chini, kwenye nati ya kipimo, oili ikiwa katika joto maalumu. Kitabu cha gari kinaeleza. Changu kiko kwa Kijapani, na kutafuta mtu wa kunisomea ukurasa mmoja kungekuwa rahisi kuliko yote niliyoyafanya.

Lakini hata bila kitabu, giaboksi ya pili ingeweza kupona siku ile ya simu. Fundi aliuliza swali lenyewe hasa, nami nilimjibu nikiamini nasema kweli, kwa sababu katika hesabu yangu walioweza kuharibu gari ni mafundi tu. Ukiulizwa nani ameigusa, na wewe jihesabu.