Haya na Afya

Haya ni pambo la mtu. Asiye nayo huepukwa na jirani zake, na mwenye nayo huheshimiwa hata akiwa maskini. Lakini pambo likivaliwa mahali pasipo pake hugeuka pingu. Wazee waliosema kuwa mficha uchi hazai hawakutaka watu waache adabu. Walitaka ijulikane kuwa iko saa ambapo siri ya mwili, ikimfikia mkunga au tabibu, huokoa uhai, na ikifichwa huupoteza. Ukweli wa neno hili haudhihiriki popote kuliko katika maradhi ya zinaa.

Mwese ni nchi ya vilima, kati ya mji wa Mpanda na Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Katavi. Wenyeji wake wa siku nyingi walipata majirani wapya katika miaka ya 1960, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipopewa ardhi huko walime na kujenga. Mahali penye watu wa asili nyingi ni rahisi kila mmoja kudhani kuwa ugonjwa wa aibu umeletwa na mwingine. Kosa hilo ni la walimwengu wote. Kaswende ilipoenea Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, Waitalia waliiita ugonjwa wa Wafaransa, na Wafaransa wakaiita ugonjwa wa Napoli. Kila upande ulinyosha kidole, na ugonjwa ukapita katikati yao bila kuuliza mtu kabila lake.

Maradhi yenyewe ni ya namna mbili. Kaswende, kisonono, klamidia na trikomonasi huponywa kwa dawa. Yale yaletwayo na virusi, kama malengelenge ya sehemu za siri, homa ya ini ya aina ya B na UKIMWI, kwa kawaida dawa huyatuliza wala haziyamalizi. Hila yao kubwa ni ukimya. Mwanamke mwenye klamidia aweza kukaa miezi mingi bila maumivu, huku mirija ya uzazi ikiharibika, mpaka siku ajiulizapo kwa nini hashiki mimba. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi. Hukauka chenyewe baada ya majuma machache, na mgonjwa hushukuru kuwa amepona, kumbe adui ameingia ndani zaidi. Kwa hiyo anayengoja dalili ndipo aende kupimwa hungoja mgeni ambaye pengine amekwisha kuingia.

Na afikiriwe mwanamke mmoja wa Mwese mwenye mimba. Amekwenda kliniki, akatolewa damu, na mkunga akamwambia kwa sauti ya chini kuwa ana kaswende, na kwamba mumewe naye aje. Sindano haimtishi. Kinachomtisha ni njia ya kurudi nyumbani, na neno atakalolianza mbele ya mumewe. Akisema, yamkini ataulizwa ameutoa wapi ugonjwa, ilhali kipimo hakisemi nani alianza. Akinyamaza, atatibiwa peke yake na kuambukizwa tena na mtu yule yule; kazi hiyo ni kuteka maji kwa pakacha.

Kati ya maneno hayo mawili yupo mtoto. Uchunguzi uliofanywa Mwanza na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa, kati ya wanawake waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Lakini wenye kaswende waliopata sindano moja ya penisilini katika mimba hawakuwa katika hatari kubwa kuliko wanawake wasio na ugonjwa. Sindano moja! Uhai na kifo vimetengwa na kitu kidogo hivyo, na haya ikisimama kati yake na mgonjwa, kitu hicho kidogo huwa mbali kama nyota.

Mwanza hiyo hiyo ilitoa funzo jingine. Kati ya miaka ya 1991 na 1994, jumuiya 12 za vijijini zilichunguzwa. Katika 6 kati ya hizo watumishi wa zahanati walifundishwa kutibu maradhi ya zinaa vizuri, dawa zikahakikishwa zisipungue, na wanavijiji wakahimizwa kuja mapema. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kadiri ya asilimia 40, kwa maana vidonda na uvimbe wa maradhi mengine huvifungulia virusi hivyo mlango. Kweli, huko Rakai, Uganda, watu wazima wa vijiji vizima walipewa dawa nyumbani kila baada ya miezi 10, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1999 hayakuonyesha upungufu huo. Wataalamu wamejadiliana sana sababu za tofauti hiyo. Walakini hakuna aliyesema kuwa mgonjwa aachwe bila tiba.

Kinga haihitaji elimu ya juu. Uaminifu hulinda ukiwa wa wawili, maana uaminifu wa mmoja ni ukuta wa upande mmoja. Kondomu hulinda ikitumiwa kila mara. Wachumba wapimwe kabla ya ndoa, na wenye mimba mapema. Wasichana wapate chanjo ya virusi vya papiloma, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania kote mwaka 2018, kwa kuwa virusi hivyo ndivyo viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Aliye na virusi vya UKIMWI ameze dawa zake bila kukosa. Virusi vikipungua damuni hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Na anunuaye vidonge dukani kwa kificho, akameza nusu na kuacha nusu, ajue kuwa anaufundisha ugonjwa kuishinda dawa.

Mwanamke yule bado yuko njiani. Akifika na kusema, “Baba watoto, tumeitwa sote wawili kliniki,” atakuwa ametumia neno dogo la busara, lisilomshitaki mtu. Mume akiitika na kuchukua fimbo yake wakaondoka pamoja, hatakuwa amepungukiwa heshima hata chembe. Haya ina mahali pake: imzuie mtu asitende baya, wala isimzuie asitibiwe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na katika maradhi haya, huenda anayeumbuliwa akawa mtoto ambaye hakuficha kitu.