Mlezi Asiyekuwa na Fomu

Siku hizi mwanafunzi wa uzamili anapoanza kufanya kazi nami, tunatia saini ukurasa mmoja. Umeandikwa takwimu zitakuwa za nani, jina la nani litatangulia kwenye makala, na mimi nina siku ngapi za kumrudishia rasimu yake. Katikati ya miaka ya tisini, nilipofika Gazi nikiwa mwanafunzi, hakuna aliyewaza jambo kama hilo. Mtu wa kukushika mkono ulimpata kwa bahati au hukumpata kabisa, na aliyemkosa alirudi bara kufundisha sekondari, tasnifu yake ikazeekea ndani ya mfuko wa nailoni.

Gazi iko Kwale, kilomita 50 hivi kusini ya Mombasa. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana miaka ya sabini kwa ajili ya kuni za viwandani, na mapema miaka ya tisini watafiti wakishirikiana na wanakijiji walikuwa wameanza kupanda tena sehemu zilizobaki uchi. Miongoni mwao alikuwamo James Kairo wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambaye leo jina lake hutajwa popote panapozungumzwa urejeshaji wa mikoko. Sisi wanafunzi tulikuja nyuma yao na daftari na kamba za kupimia.

Msimamizi wangu rasmi alikuwa chuoni bara na hakuwahi kukanyaga tope la Gazi. Aliyenilea ni mtafiti mwingine wa Mombasa ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi yangu yoyote. Nilimwita Mwalimu, naye hakulikataa jina. Cha kwanza alichonipa kilikuwa kijitabu cha majira ya maji cha bandari ya Kilindini. Ratiba ya chuo ilisema kazi ya nyanjani ni Januari hadi Machi. Mwalimu aliifuta kwa penseli, akaandika mahali pake tarehe za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wakati wa bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu hukaribia mita nne. Ukiingia mikokoni saa isiyofaa, hupimi kitu. Utashughulika na kutafuta njia ya kutokea tu. Siku za maji mafu tulikaa nje tukisoma na kuandika.

Cha pili kilikuwa kupima. Mti wa kawaida hupimwa unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayosimama kama miguu ya buibui, ukiufuata hivyo utapima mzizi ukidhani ni shina. Hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Hayo yamo vitabuni. Lisilokuwamo ni namna Mwalimu alivyofundisha: nilipima mimi, kisha alipima yeye bila kutazama daftari langu, kisha tukalinganisha. Tulipotofautiana hakusema nani amekosea. Tulirudi kwenye mti.

Na kabla sijapima hata mti mmoja, alikuwa amenipeleka kwa mkataji mstaafu wa boriti pale kijijini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuhesabu au kuuliza?”

Sikuwa na jibu. Mzee yule aliugawa msitu kwa madaraja ya biashara, kuanzia fito, pau na mazio hadi boriti na nguzo. Mahali nilipoona miti mingi, yeye aliona fito tupu. Aliona kwamba mazio na boriti zimeshachukuliwa na kilichosalia ni ujana wa msitu. Jedwali langu la sentimita lilihitaji miezi kadhaa ili kusema jambo hilohilo. Bado naamini hakuna aliyenifundisha mengi kuliko wale wawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelipwa senti kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Kila kitu kilisimama juu ya hisani ya mtu. Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliangukia mtafiti mgeni aliyekuja kwa msimu mmoja, akajaza makasha ya sampuli kwa jasho la kijana huyo, akaondoka nayo. Makala ilipotoka, jina la kijana lilikuwa kwenye shukrani, baada ya dereva. Angemshtaki kwa nani? Hapakuwa na makubaliano ya kuvunjwa.

Nasi wanawake tulikuwa na maswali ambayo Mwalimu, kwa ukarimu wake wote, hakujua kwamba ni maswali. Nilale wapi bamvua linapoangukia usiku? Nijisaidie wapi nikiwa katikati ya mikoko na maji yanaanza kupanda? Nikipata mtoto, nani atakubali niingie naye kambini? Majibu niliyapata kwa akina mama waliokuwa wakiokota chaza, waliozoea kukaa mikokoni siku nzima wamefunga kanga mbili na hawaoni cha ajabu. Kwenye mikutano ya wasomi jambo hilo halikutajwa kwa miaka mingi.

Mambo yalianza kugeuka kutokana na msiba. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika kijito cha Mwache, karibu na Mombasa, likafunika mizizi na mikoko ikafa imesimama. Mwaka huohuo wa 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe karibu kote katika Bahari ya Hindi. Ghafla serikali na wafadhili walitaka kujua hali ya pwani, na watu wa kuwaeleza walikuwa wachache. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu, ilikuwepo tangu 1993 na makao yake ni Zanzibar. Mwaka 2000, kwa fedha za Sweden, ilianza kutoa ruzuku za utafiti kupitia mpango wa MASMA, zikiwemo ruzuku ndogo za wanafunzi wa tasnifu. Mwaka 2002 likazaliwa jarida la ukanda huu, kwa hiyo kijana wa Kwale au Bagamoyo hakulazimika tena kuomba nafasi kwa wahariri wasiojua Gazi iko bahari gani.

Kwa mara ya kwanza mtu aliulizwa ana wazo gani kabla ya kuulizwa anamjua nani. Sitalidharau hilo. Ila pamoja nalo zikaja fomu, na warsha za kujaza fomu, na wakufunzi wa warsha za kujaza fomu. Nimekutana na vijana hodari wa kuandika matokeo tarajiwa ya mradi ambao hawawezi kutofautisha mchu na mlilana wakiwa chini yake.

Kisha ikaja Mikoko Pamoja. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa kuuza hewa ukaa kutokana na hekta 117 za mikoko, fedha zikaenda kwenye maji na shule. Takwimu ambazo zamani zingeishia kabatini zikawa jambo la kujadiliwa barazani. Hapo malezi yetu yalionyesha pengo. Tulikuwa tumefundishwa kutetea tasnifu mbele ya maprofesa, lakini hakuna aliyetufundisha kumweleza mama wa Makongeni kwamba sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko iko ndani ya tope, haimo mitini, na kwamba mti ukikatwa tope nalo huanza kuipoteza. Tulijifunza hapohapo, tukikatizwa na maswali makali kuliko ya mtahini yeyote. Tangu hapo wanafunzi wangu hutoa matokeo kijijini kwanza, kwa Kiswahili au Kidigo, ndipo waende chuoni.

Mwaka 2020 corona ilipofunga njia, nilisimamia kazi kwa simu, nikitumiwa picha za bomba lililojaa tope na kuulizwa kama limefika kina cha kutosha. Iliwezekana. Baadhi ya wenzangu wameendelea hivyo, na sasa kuna droni na picha za setilaiti zinazofanya mtu aone msitu mzima wa Lamu akiwa amekaa mezani. Mwanafunzi wa leo ana walezi watatu au wanne katika nchi tofauti, na mmoja akimnyanyasa anao wengine wa kukimbilia. Ni kinga ambayo yule mwenzangu wa shukrani hakuwa nayo. Lakini walezi wote wanne wanaweza kuwa hawajawahi kupima naye mti mmoja. Ndiyo maana kwenye ukurasa wetu wa makubaliano nimeweka sharti langu: mabamvua mawili ya kwanza tunaingia pamoja.

Mwanafunzi niliye naye sasa, binti wa Lamu, aliusoma ukurasa huo kwa makini kuliko wote waliomtangulia. Sharti la bamvua alilikubali. Kisha akaomba kuongeza lake, kwamba wanakijiji wawili wanaotuongoza na kupima pamoja nasi wawe waandishi wa makala, badala ya kushukuriwa mwishoni.

Nilimwambia jarida lina vigezo: mwandishi lazima awe amechangia fikra na asimamie kilichoandikwa.

“Daktari, nani alituonyesha sehemu zilizopandwa na zilizojiotea zenyewe?”

“Wao.”

“Basi hiyo si fikra?”

Nilimjibu kwamba kujua ni jambo moja na kuisoma rasimu na kuikubali ni jambo jingine. Akasema atawasomea kwa Kiswahili, sehemu baada ya sehemu, na wakikataa jambo litaandikwa kwamba wamelikataa. Sharti lake limo, kwa penseli. Sehemu ya mbinu ameshawasomea, na mmoja wao ametaka mistari miwili ibadilishwe.