Haki za Njia Tukiwa Ndani ya Bagi



Wazazi wetu na wanafunzi wapenzi, tangu turudi kutoka Unguja katika likizo ya Agosti, wengi wenu mmetuuliza kuhusu matembezi ya bagi ambayo vijana wanayasimulia hapa Buyenzi. Je, ni mchezo unaofaa? Je, una hatari? Tumeona ni vyema tujibu kwa kirefu kidogo, kwani suala hili lina pande mbili: usalama wa anayepanda, na haki ya anayepitiwa mlangoni kwake. Upande wa pili hakuna aliyetuuliza, nao ndio uliotushughulisha zaidi.

Kwa wasioijua, bagi ni gari dogo la wazi, lililozungushiwa mabomba ya chuma, lenye viti viwili, matairi manene na mikanda ya kujifunga. Huko kaskazini ya Unguja, upande wa Nungwi na Kendwa, wageni huzipanda kwa msafara. Kiongozi hutangulia, na wengine humfuata mmoja nyuma ya mwingine. Njia hupita ndani, baina ya mashamba na vijiji. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni uwanda, yaani mawe ya matumbawe yenye udongo haba juu yake. Wakati wa masika njia huwa tope. Miezi ya kusi ni mikavu, na gurudumu likipita vumbi hubaki hewani.

Kwa upande wa usalama hatukuwa na la kulalamika. Walioendesha ni watu wazima wenye leseni, kila kijana alikaa pembeni ya mkubwa wake, tulivaa kofia ngumu, na kiongozi alitufundisha ishara za mkono kabla ya kuondoka.

Tulipoingia kijiji cha kwanza, mama mmoja alikuwa ameanika dagaa mbele ya nyumba. Aliposikia mngurumo alichukua kanga akawafunika, akageuza uso mpaka tukapita. Hakusema neno, na ilionekana amezoea. Mbele kidogo, mzee aliyekaa barazani aliinua mkono, midomo yake ikatamka salamu. Kwa ule mngurumo hatukuisikia, wala yeye hakusikia tulivyoijibu.

Mnaijua hadithi ya Abuu Said Al-Khudri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwaeleza Masahaba haki za njia: kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi watu, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Sisi walimu tumezoea kuwasomea hadithi hii vijana wanaokaa vijiweni. Siku ile mkaaji wa barazani alikuwa ametimiza haki yake. Chombo cha mpita njia ndicho kilichozuia salamu na kuleta maudhi.

Katika kijiji cha tatu kiongozi alipunguza mwendo mpaka karibu sawa na wa mtu anayetembea. Tuliposimama dukani kunywa maji tukamuuliza sababu. Akasema, "Maalim, hapa ni kwetu. Bibi yangu anakaa nyumba ile."

Tukamuuliza, na vile vijiji vingine? Alinyamaza kidogo, kisha akasema muda ni saa mbili tu, wageni wasipofika kila mahali walioahidiwa hulalamika, na yeye hula kwa kazi hii. Zamani alikwenda baharini na ami zake. Sasa kwa bagi hizi anawalipia wadogo zake masomo. Neno hili hatulichukulii kwa wepesi, wala hatukuja kuwaambia watu waiache riziki yao.

Basi tukamwomba jambo moja: vijiji vilivyobaki tuvipite kama tulivyopita kwa bibi yake, hata kama hatutafika kwenye pango la mwisho. Akakubali. Pango hatukuliona, na mwanafunzi wetu mmoja alinuna njia nzima. Lakini katika kijiji cha mwisho tulizima mashine chini ya mwembe, tukatoa salamu, tukajibiwa. Watoto waliokuwa wakipiga kelele za "pipi, pipi" walikuja kutupa shikamoo, wakatuuliza tumetoka wapi, wakakicheka Kiswahili chetu cha Burundi. Yule aliyenuna ndiye aliyekawia kupanda tena.

Kwa hiyo jibu letu kwenu wazazi ni hili. Mchezo wenyewe hauna ubaya, kwa masharti. Kwanza, kabla ya kulipa, ulizeni njia inapita wapi na mwendo wa vijijini ni upi. Pili, epukeni saa za sala, hasa mchana wa Ijumaa, kwani msikiti unaweza kuwa kando ya njia. Tatu, mabinti wafunge vizuri ncha za mitandio na mabuibui, zisinaswe na magurudumu. Nne, pipi zisirushwe kwa watoto kama punje kwa kuku. Mwenye kutaka kutoa ashuke, asalimu, ampe mzazi. Tano, mwambieni kiongozi tangu mwanzo kwamba nyinyi hamtalalamika akienda polepole. Hilo litampa nafasi ya kuwafanyia majirani zake wote kama anavyomfanyia bibi yake.

Wabillaahi tawfiiq.