Ndundu, Enzi za Pantoni
Mkienda Kilwa wikiendi na mwenzi wako, msilipite Daraja la Mkapa kwa spidi. Lina urefu wa karibu mita 970. Mnauvuka Mto Rufiji kabla wimbo mmoja haujaisha redioni. Kabla ya 2003 palikuwa na pantoni hapa Ndundu, na masika watu walilala foleni.

Pale Ikwiriri tulinunua samaki kwa mama mmoja aliyeanzia biashara kwenye foleni hiyo.

“Wale waliokwama ndio walionisomeshea watoto.”

Halafu, huku akitufungia samaki kwenye gazeti, akasema kifungua mimba wake alizaliwa humohumo foleni, usiku, pantoni ikiwa ng'ambo. Nikamuuliza, je, anatamani irudi? Akacheka.

“Nawakumbuka wateja, mwanangu.”

Tukaongeza samaki wawili.